Waya wa Televisheni na Haki ya Kipimo

Tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuamuru kwamba simu, vishikwambi, kamera na vyombo vidogo vya namna hiyo viuzwavyo katika nchi zake viwe na tundu la chaja la umbo moja, mazungumzo ya jambo hilo yamefika mpaka katika mabaraza yetu ya Unguja, ambako hakuna mtu aliyeulizwa rai yake wakati sheria ilipotungwa, lakini ambako kila nyumba ina droo ya meza iliyojaa chaja zilizobaki baada ya simu zake kufa. Wako wasemao kuwa ni uonevu kumwamuru mtengenezaji umbo la tundu la chombo chake mwenyewe, na wako wasemao kuwa amri hiyo imechelewa mno; na mjukuu wangu, ambaye katika mambo haya ni mjuzi kuliko mimi, alitueleza kuwa watawala wa Umoja huo walikisia kwamba chaja zitupwazo na zile zikaazo bure bila ya kutumiwa hufikia takriban tani 11,000 za taka kila mwaka. Mimi sikuwa na hesabu ya kuongeza juu ya hesabu hiyo, bali nilikuwa na kumbukumbu ya zamani, ya wakati ambao simu za mkononi hazijatufikia, nilipoutafuta waya wa umeme wa televisheni kuukuu katika maduka ya bandari mbili; na niliyoyaona na kuyasikia katika kutafuta huko ndiyo yaliyonipa rai niliyo nayo hivi leo, ambayo napenda kuieleza kwa taratibu.

Msomaji kijana huenda akastaajabu kusikia kuwa Zanzibar ilipata televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa haijaiona picha ya rangi katika kioo, na ambapo ndugu zetu wa Tanzania Bara walikuwa hawana kituo hata kimoja, wakaendelea kutokuwa nacho mpaka mwaka 1994. Pamoja na fahari hiyo, seti zenyewe zilikuwa adimu na ghali, na watu wengi wa rika langu waliijua televisheni kwa kusimama dirishani pa jirani kabla ya kuijua kwa kuketi mbele yake. Ya kwetu ililetwa katikati ya miaka ya 1980 na ami yangu, baharia, aliyeinunua ikiwa imekwisha kutumika katika bandari ya Rotterdam. Nayo ilikuwa seti ndogo ya Kijapani, yenye sanduku la plastiki lililopakwa rangi ya mbao na vifundo vya kuzungusha vilivyokwisha kulainika kwa vidole vya watu tusiowajua.

Jioni ilipowashwa kwa mara ya kwanza chumba kilijaa jamaa na majirani, na picha ikatokea safi kabisa, ikiwa na rangi zake zote, lakini msomaji wa habari alipofungua kinywa hatukusikia neno lake hata moja, ila mchakarisho mtupu, na bibi mmoja jirani, aliyekuwa ameketi mkekani karibu na mlango, akamwambia mama yangu, "Bibi we, mmeletewa bubu!" Fundi aliyeitwa kesho yake hakuona ajabu. Alisema kuwa katika nchi nyingi za Ulaya bara wimbi la sauti husafiri umbali wa megahezi 5.5 kutoka wimbi la picha, ilhali Zanzibar ilifuata mpango wa Waingereza, ambao umbali wake ni megahezi 6. Basi seti yetu ilikuwa ikiisubiri sauti mahali isipopita. Akakifungua kifuniko cha nyuma, akatia bisibisi ya plastiki katika koili moja ndogo, akaizungusha kidogo kidogo huku amekaza sikio, mpaka mchakarisho ukapungua na sauti ya mtu ikaja. Waholanzi hawakuwa wamemdhulumu ami, wala sisi hatukuwa na dhambi kuwafuata Waingereza. Na hapo ndipo nilipoanza kufahamu kuwa watu wawili waaminifu, kila mmoja akifanya kazi yake kwa uadilifu, waweza kumtia mtu wa tatu hasarani kwa sababu tu hawakuketi pamoja wakakubaliana kipimo.

Tulipokwisha kupata sauti ilibaki taabu ya plagi. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, na katika chumba kimoja mlikuwa na soketi za matundu ya mviringo za kanuni ya kale ya Uingereza, na katika vyumba vingine mlikuwa na zile za matundu ya pembe nne zilizotokana na kanuni mpya ambayo Waingereza waliitoa mwaka 1947. Lakini waya uliokuja na seti ulikuwa na plagi ya Ulaya, yenye pini mbili za mviringo, isiyokubaliana na soketi za chumba hiki wala za chumba kile. Nadhani hakuna mtu wa Afrika Mashariki asiyeijua hila itumikayo mahali kama hapo: hutwaliwa kijiti, au kifuniko cha kalamu, kikatiwa katika tundu la juu la soketi, na vile vijilango vilivyoziba matundu mawili ya chini vikafunguka, na plagi ya pini mbili ikaingia. Mke wangu alikuwa ameweka kijiti cha mshikaki juu ya televisheni kwa kazi hiyo maalumu, na hakuna mgeni aliyeuliza kilikuwa cha nini.

Hila hiyo ilitufaa, lakini ilikuwa na gharama yake. Vijilango vile viliwekwa makusudi, ili mtoto asitie msumari au kidole mahali penye umeme, na pini ndefu ya juu, ambayo ni ya waya wa ardhi, ndiyo ufunguo wake. Mwenye kufungua kwa kijiti huwa amekiuka ulinzi uliofikiriwa na watu kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo pini za mviringo hazikushikwa barabara na shaba za ndani za soketi, zikawa zinachezacheza, na penye kucheza pakawa na joto, na penye joto plastiki nyeupe ikageuka ya manjano, kisha ya kahawia, mpaka siku moja tukaona alama nyeusi kama wanja pembeni mwa tundu. Hapo nilimwita fundi akaikata plagi ya Ulaya na kuifunga plagi ya pini tatu, ambayo ilikuja na fyuzi yake ya ampea 13 kutoka dukani, kama ziuzwavyo nyingi.

Ikapita miaka, televisheni ikitutumikia, mpaka panya walipoingia. Asubuhi moja tuliukuta waya umetafunwa, na seti haina uhai, na chumba kina harufu ya mpira ulioungua. Niliuinua nikautazama karibu na dirisha: ganda la nje lilikuwa limemenywa kwa meno kama vile muwa, nyuzi za shaba zimechanua, baadhi yake zingali nyekundu zinang'aa na baadhi zimeshikana kwa kuyeyuka, na ncha zake zimekuwa nyeusi. Lau panya yule angalitafuna katikati, waya ungalikatwa na kuungwa, na kisa hiki kisingalikuwapo. Lakini alichagua kutafuna penye shingo, pale hasa waya unapoingia katika kile kichwa cha mpira kichomekwacho nyuma ya seti, pasipobakia hata inchi moja ya kushika. Na kichwa hicho hakikuwa cha kawaida. Nyuma ya seti palikuwa na shimo la umbo la yai, na ndani yake pini mbili nyembamba zilizoachana zaidi kuliko zile za redio kaseti zilizokuwa katika kila nyumba wakati ule.

Nilianzia Darajani, katika duka la kijana mmoja ambaye ukuta wake wote ulifunikwa na nyaya zilizoning'inizwa kwa misumari. Aliniamkia kwa adabu, "Shkamoo maalim," nami nikaitikia, na kabla sijamaliza kueleza haja yangu alikwisha kutungua waya wa redio, ule ambao kichwa chake kimeumbwa mfano wa tarakimu 8, akaniwekea mezani. Nilimwonyesha kipande cha karatasi ambacho nilikuwa nimekibandika juu ya zile pini na kukisugua kwa penseli, kikatoa alama ya nafasi iliyo baina yake, akaupimisha waya wake juu ya karatasi, akaona haulingani, akatabasamu, akasema, "Maalim, huu ukikataa kuingia, uchonge kidogo kwa kisu, utaingia tu. Kila mtu anafanya hivyo."

Sikumlaumu kijana yule, kwa kuwa alisema kweli: kila mtu alikuwa akifanya hivyo. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilifikiri juu ya neno lake. Mwenye kuchonga kichwa cha waya huondoa mpira ambao ndio ngao yake, na pini isiyoshikwa sawasawa hurudisha joto lile lile lililoiunguza soketi yetu. Na jambo lililonisikitisha zaidi ni kuwa mnunuzi wetu amezoeshwa kuamini kuwa kufanana ni sawa na kulingana. Katika nguo na viatu, mwenye kukosea huumia kidole. Lakini katika umeme, mwenye kukosea huweza kuamsha jirani zake usiku kwa moto.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Dar es Salaam, ambako nilikuwa na shughuli nyingine ya jamaa, nikapata wasaa wa kwenda Kariakoo. Huko niliingia katika duka jembamba la mzee mmoja, ambalo sakafu yake ilijaa marobota ya nyaya zilizotoka Dubai na Ulaya, nyingine mpya na nyingine zimekatwa katika mashine zilizokufa. Huyu hakukimbilia kutungua kitu. Aliuliza, "Nyuma ya TV pameandikwaje, mzee mwenzangu?" Kwa bahati njema nilikuwa nimenakili katika daftari maneno yote ya kile kibati cha nyuma, ijapokuwa sikujua yangenifaa nini: volti 220, hezi 50, wati 75. Akatwaa kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti 75, akaigawa kwa 220, akanionyesha kuwa televisheni yangu haikuhitaji hata nusu ya ampea moja.

Kisha akanipa darasa ambalo sikulipata katika shule yoyote niliyosoma wala niliyosomesha. Akaweka mezani nyaya tatu. "Huu wa redio," alisema, "ni wa ampea mbili na nusu, unakutosha, na unabaki. Huu wa kompyuta ni wa ampea kumi. Na huu ni wa birika la umeme." Nikamwambia kuwa wa birika na wa kompyuta naona ni mamoja, naye, kama mtu aliyelingojea neno hilo, akaushika wa birika akanionyesha kijimfereji kilichochongwa katika kichwa chake. Wa kompyuta, alieleza, umetengenezwa kustahimili joto la nyuzi 70, na wa birika nyuzi 120. Basi waliobuni walitia kijukuta ndani ya tundu la birika, ambacho hupita katika mfereji ule, ili waya wa kompyuta ukatae kuingia katika birika hata mtu akiulazimisha, ilhali waya wa birika waweza kuingia katika kompyuta bila ya madhara, kwa kuwa wenye nguvu zaidi haudhuriki kwa kazi nyepesi. Nilikuwa nikidhani kuwa maumbo haya mengi ni upuuzi wa watengenezaji wasiopatana. Siku ile nikafahamu kuwa yako maumbo yaliyotofautishwa kwa hekima, ili mkono wa mtu asiyejua kusoma uzuiwe na umbo lenyewe, na yako maumbo yaliyotofautishwa kwa ubinafsi au kwa kutangulia tu. Tundu la seti yangu lilikuwa la aina ya pili. Baadaye nilipata kusoma kuwa Tume ya Kimataifa ya Umeme, iliyoasisiwa London mwaka 1906 na ambayo makao yake yako Geneva, ilichapisha kanuni ya vichwa vya nyaya hizi mara ya kwanza mwaka 1970. Na yamkini aliyeibuni seti yangu alichora shimo lake kabla kanuni hiyo haijamfikia, au ilimfikia akaona haimhusu.

Mzee yule hakuishia hapo. Alitoa sumaku ndogo katika mfuko wa shati, akaipitisha juu ya pini za plagi moja mpya, ikanata. "Pini hii ni chuma kilichopakwa rangi," alisema, "pini ya haki ni ya shaba nyeupe, hainasi." Kisha akauchuna waya mwingine, akachukua uzi mmoja mwembamba wa ndani, akaukwaruza kwa ncha ya kisu: wekundu ukatoka, chini yake pakabaki weupe wa alumini. Alumini hupitisha umeme, lakini kwa unene ule ule haiwezi kubeba mzigo wa shaba, na huvunjika upesi ikikunjwakunjwa. Naye anunuaye hulipa bei ya shaba. Nilipomwuliza kwa nini basi anaziuza, alijibu bila ya kuona haya kuwa hizo alizitenga kwa ajili ya kuwaonyesha wateja, na kwamba nyingine zilezile zinauzwa hatua chache kutoka mlangoni pake kwa bei ambayo yeye haiwezi. Waya wangu hakuwa nao. Aliitazama ile karatasi ya penseli kwa muda, akanirudishia, akasema, "Sina wa kwako, na nikikuuzia usio wako nitakuwa nimekuuzia moto." Nimekutana na wafanyabiashara wengi walionipa mali; yule alininyima mali akanipa nasaha, na katika hesabu ya maisha yangu namweka miongoni mwa walionifaidia zaidi.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili tangu kale. Mtu aliyekwenda sokoni kununua mchele hakuwa na haja ya kumjua muuzaji wala kabila lake, maadamu pishi ilikuwa pishi na vibaba vyake vilikuwa vinne. Na dini ilituonya vikali juu ya mwenye kupunja, kwa sababu apunjaye kipimo hamwibii mteja mmoja tu, bali huiharibu imani iliyowawezesha watu wasiojuana kuuziana. Waya uandikwao ampea kumi na ndani yake una nyuzi za alumini ni kibaba kilichotobolewa chini; na mwenye kutengeneza tundu ambalo hakuna mwingine atakayeliuzia waya ni mtu aliyekuja sokoni na pishi yake mwenyewe, asiyotaka ilinganishwe na ya wenziwe.

Nilirejea Unguja mikono mitupu, na shemeji yangu akanishauri nimwone fundi mmoja wa Ng'ambo, mtu mzima, aliyekuwa akifanyia kazi katika kibanda cha mabati chini ya mwembe. Nilimweleza safari zangu zote, naye akanisikiliza huku akilehemu kitu kingine, kisha akasema, "Maalim, waya huo hautengenezwi tena. Tuache kuutafuta waya, tuubadilishe mdomo wa seti." Jambo hilo, kwa wepesi wake, lilinishangaza, na nikaona kuwa maarifa ya fundi hudhihirika kwanza katika namna anavyoliuliza swali, na mkono hufuata baadaye.

Niliruhusiwa kuketi nitazame, kwa sharti la kutogusa. Alipoondoa kifuniko cha nyuma, kabla ya jambo lolote, alifunga waya mmoja baina ya chuma cha bisibisi na ule mkanda wa nje wa kioo, akaitia ncha ya bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa kioo, pakasikika mlio mkavu wa cheche, ingawa seti ilikuwa haijaona umeme tangu usiku wa panya na watu husema kuwa mashine iliyokatwa waya imekufa. Alinieleza kuwa kioo cha televisheni ya rangi hupandishiwa zaidi ya volti 20,000, na kwamba hata ikizimwa chaji yake huweza kukaa humo kwa muda mrefu ikimngoja mwenye kidole kisicho na elimu. Na tena kuwa katika seti nyingi za kale bati la ndani limeungwa na upande mmoja wa umeme wa nyumba, basi asiyejua hulishika akidhani ni bati tu. Ndipo akaling'oa lile tundu la umbo la yai. Katika sanduku lake la mabaki akatafuta redio kaseti iliyokufa, akakata kutoka kwayo tundu la umbo la tarakimu 8, akalipanua shimo la seti kwa tupa ndogo, akilijaribisha na kutupa vumbi, akilijaribisha tena, mpaka likakaa bila ya kucheza. Akalikaza kwa skrubu mbili, akazilehemu nyaya, akazivuta kwa nguvu kuona kama zimeshika, akazifunika. Mwishowe akaifungua plagi yetu ya ukutani, akaitoa fyuzi ya ampea 13, akatia ya ampea 3. "Fyuzi ni mlinzi," alisema. "Waya mwembamba ukiwekewa mlinzi wa ampea 13, utaungua wenyewe kabla mlinzi hajaamka."

Waya tulioutia siku hiyo ulikuwa ni wa redio, wa kawaida kabisa, unaopatikana katika kila duka la Darajani. Na toka hapo, kila ulipochakaa, mtoto aliweza kutumwa kununua mwingine. Fundi yule hakuwa na cheti wala hakuandika alilolijua. Alilipokea kwa mkubwa wake akiwa mwanafunzi, na ujira alionidai ulikuwa mdogo hata nikauongeza kwa hiari yangu. Nchi zetu zina watu wengi wa namna yake, walioziongezea umri mali zetu ambazo watengenezaji wake walikwisha kuzisahau, na sioni kuwa tumewapa heshima ipasayo kazi hiyo.

Miaka ikapita tena. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari tangu mwaka 1980, na njia hiyo ilipoharibika Mei 2008 tulikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tukarudi gizani tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Katika giza hilo jirani alitoa stoo kiseti chake cha Great Wall, cha Kichina, cha picha nyeusi na nyeupe, kiendacho kwa betri ya gari ya volti 12, na mtaa mzima ukahamia kwake. Waya wake haukuwa na plagi bali vibanio viwili, chekundu na cheusi, na hapakuwa na umbo lolote la kumzuia mtu kuvigeuza. Mwenye nyumba alikuwa akivifunga kwa mkono wake mwenyewe, huku akitamka kwa sauti rangi zake, wala hakumruhusu mwingine. Niliona humo kuwa mahali umbo lisipomlinda mtu, hubaki rangi. Na rangi isipofahamika, hubaki uangalifu wa mtu mmoja, ambao hautoshi kuwa kanuni ya nchi.

Televisheni yetu haikufa kwa kukosa waya wa umeme. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia, kwa kuanzia na Dar es Salaam, na zamu ya wengine ikafuata. Tukaambiwa tununue king'amuzi, tukanunua, tukakuta nyaya zake ni tatu, za njano, nyeupe na nyekundu, na seti ya ami haina tundu hata moja la kuzipokea, kwa kuwa ilipoundwa ilijua njia moja tu ya kuingilia, nayo ni ya antena. Fundi wa Ng'ambo alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, na vijana niliowauliza walinishauri ninunue TV bapa. Nilinunua. Ile ya zamani nilimpa fundi mwingine achukue vitakavyomfaa.

Basi nilipoulizwa rai yangu barazani juu ya sheria ya Ulaya, nilisema kuwa naiunga mkono, lakini kwa sharti. Umbo moja ni neema kwa maskini kuliko kwa tajiri, kwa sababu tajiri chombo chake kikikosa waya hununua chombo kingine, na maskini hutembea maduka ya bandari mbili. Lakini umbo moja peke yake halitoshi. Mjukuu wangu alinionyesha nyaya mbili za chaja hizi mpya, zenye vichwa vilivyolingana hata jicho lisiweze kuvitenga, akasema kuwa mmoja hubeba wati 60 na mwingine wati 240, na kwamba ziko nyingine zinazochaji tu wala hazihamishi picha wala maandishi. Kwa hiyo yule mzee wa Kariakoo, lau angalikuwa hai mpaka leo, angaliuliza swali lile lile: pameandikwaje? Kukubaliana juu ya umbo ni nusu ya uadilifu, na nusu ya pili ni kuwa yaliyoandikwa juu ya kitu yawe kweli.

Kwa sababu hiyo nina maombi matatu. Kwa taasisi zetu za viwango, za Bara na za Visiwani, naomba nyaya za umeme zisionekane ni kitu kidogo kisichostahili kukaguliwa, kwa maana nyumba haiunguzwi na televisheni, huunguzwa na waya wake. Kwa walimu wenzangu, naomba mtoto asimalize darasa la saba bila ya kujua kugawa wati kwa volti na kusoma kibati cha nyuma cha chombo chochote cha nyumbani, kwani hesabu hiyo ni nyepesi kuliko nyingi tunazomkaririsha. Na kwako msomaji, ambaye huenda nawe una chombo kizima kilicholala kwa kukosa waya, naomba usikitupe kabla hujamwonyesha fundi, usikifungue mwenyewe, na ukienda dukani uende na daftari lenye yaliyoandikwa nyuma yake. Waya usioandikwa ampea zake usiununue, hata ukiuziwa kwa nusu ya bei.